Kufa Kufaana? Waacheni Waliopunguzwa Kazi Wapumue Kwanza



Nimepotea hapa kama wiki tatu hivi. Majaribio ya katikati ya muhula yalinibana, na somo la Upimaji na Tathmini halina undugu na mtu. Leo nimerudi, ila nimerudi na hasira kidogo. Anayetaka stori laini za maisha ya chuo aniruke leo, tutaonana wiki ijayo.

Nasema hivi: mtu aliyepoteza kazi mwezi huu asifanywe mteja mwezi huu. Na yeyote kati yetu anayevaa shati jeupe na tai akaenda kugonga mlango wa mtu huyo ili amuuzie "mpango wa fedha", huku kamisheni inamsubiri mjini, asijiite mshauri. Ajiite muuzaji, tumwelewe. Kiswahili chetu kilishaona mbali: tai ya shingoni na tai anayezunguka juu ya mzoga wanaitwa jina moja.

Kwa mlio mbali na Ngaramtoni, niwape picha. Kila kizazi cha wanachuo kina kazi yake ya pembeni. Kaka na dada zetu waliuza vocha, walichapa kazi za watu kwa kurasa, walifundisha tuisheni kule Kiranyi na Kisongo. Muhula huu kazi iliyoshika chati inaitwa "afisa ushauri wa fedha". Mshahara hamna, mkataba wa ajira hamna. Unapewa folda, fomu na lengo la mwezi, basi, umeshakuwa afisa. Jina la kampuni silitaji, kwanza kwa sababu ugonjwa wenyewe hauko kwenye kampuni moja, pili kwa sababu leo nazungumza na sisi, siyo na wao.

Nilihudhuria semina yao Jumamosi moja pale mjini. Soda moja, sambusa mbili, ukumbi umejaa, na zaidi ya nusu ni wana elimu wenzangu. Mkufunzi akaandika ubaoni: WATEJA WAPO WAPI? Watu wakajibu walivyojua: walimu, wafanyabiashara wa soko la Ngaramtoni, wauguzi, wakulima wa maua. Akafuta yote. Akaandika kwa herufi kubwa: WALIOPUNGUZWA KAZI.

Akatoa sababu tatu, nami nikazinakili kwenye daftari. Moja, hawa wana hela ya mkupuo, pengine kwa mara ya kwanza maishani. Mbili, wana hofu, na mwenye hofu anaamua haraka. Tatu, bado hawajafikiwa na wengine. Halafu ikaja mbinu. Tafuta orodha kupitia mtu anayemfahamu mtu. Anza na pole. Siku ya kwanza usitaje bidhaa kabisa. Rudi wiki ile ile hela inapoingia, "kabla shemeji zake hawajasikia". Ukumbi mzima ukacheka.

Kama andalio la somo, nakiri mtu yule alijipanga: utangulizi ulikuwepo, maarifa mapya yalikuwepo, tathmini ilikuwepo. Ila katika mpango mzima hapakuwa na mahali hata pamoja palipouliza: huyu mtu anahitaji nini?

Najua mtaniambia "kufa kufaana". Kweli. Msibani muuza sanda anapata, mwenye turubai anapata, seremala wa jeneza anapata, na hakuna anayewalaumu. Lakini hebu angalieni vizuri. Seremala anapima marehemu, anatengeneza jeneza moja la kimo chake, analipwa, anaondoka. Sijawahi kumsikia seremala anayemwambia mfiwa asaini kununua majeneza kumi, moja kila mwaka, na akikatisha mwaka wa pili hela yake imekwenda na maji. Hapo ndipo methali inapogeuzwa.

Sasa twende kwenye hesabu, maana maneno matupu hayavunji mfupa.

Pale ninapopanga kuna jirani, mtu wa makamo, baba wa watoto watatu. Kwa heshima namwita baba mdogo, na asubuhi shikamoo yangu haikosi. Alikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja, ajira ya kudumu, miaka minane kamili. Mshahara wa msingi 600,000. Mwezi huu kampuni imepunguza watu, naye yumo. Amenikubalia niandike hesabu zake bila jina.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, inasema mwajiri akikuachisha kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi anakulipa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Laki sita ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata kama 23,000 kwa siku. Mara siku 7, mara miaka 8, inakuja kama 1,290,000. Ongeza notisi ya siku 28 aliyolipwa badala ya kuifanyia kazi, tuseme 600,000. Ongeza likizo aliyokuwa hajaimaliza, kama 300,000. Jumla 2,190,000. Hiyo ndiyo "hela ya mkupuo" iliyomtoa mkufunzi mate.

NSSF nako kuna fao la kukosa ajira, lililokuja na mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya 2018. Aliyechangia angalau miezi 18, na hakuacha kazi kwa hiari yake, anapewa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa baba mdogo ni kama 200,000 kwa mwezi.

Matumizi ya nyumba yake, kodi ya vyumba viwili, chakula, maji, umeme, nauli na michango ya shule, tuliyakaa tukayapiga kwenye karatasi yakaja 500,000 kwa mwezi, tena kwa kujibana. Kwa hiyo kila mwezi NSSF inaziba laki mbili, yeye anachomoa laki tatu kwenye akiba. Miezi sita ikiisha amechomoa 1,800,000, amebaki na 390,000, na fao limekwisha. Hapo ana wiki tatu nyingine. Jumla: miezi sita na wiki tatu za kutafuta kazi akiwa na akili iliyotulia, watoto wamekula.

Sasa ingiza "mpango" wetu. Mfano uliotolewa semina ulikuwa akiba na bima ya miaka kumi, 125,000 kwa mwezi, yaani 1,500,000 kwa mwaka, na mteja anahimizwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Baba mdogo akitoa hiyo anabaki na 690,000. Kwa kuchomoa laki tatu kila mwezi, ni miezi miwili na siku tisa.

Rudieni kusoma hapo, wadau. Miezi sita na wiki tatu, au miezi miwili na siku tisa. Tofauti hiyo ndiyo tunayokwenda kuuza. Na mwaka wa pili, mtu asiye na mshahara, hiyo milioni na nusu nyingine ataitoa wapi? Mikataba mingi ya namna hii ukiikatisha mwanzoni unarudishiwa kidogo sana au hupati kitu kabisa. Mwenye mshahara wa uhakika, mkataba huo unaweza kumfaa vizuri tu, sina ugomvi nao. Huyu, kwa mwezi huu, ni kumfunga jiwe mtu anayeogelea.

Na afisa wetu anapata nini? Ubaoni waliandika robo ya malipo ya mwaka wa kwanza. Robo ya 1,500,000 ni 375,000. Bumu la chakula na malazi lilipandishwa 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo kwa saini moja ya baba mdogo unapata bumu la siku 37 na ushee. Naelewa kabisa kwa nini watu wanajaa ukumbini. Njaa naijua, nimelala nayo. Ila tuite vitu kwa majina yake: hiyo laki tatu na sabini na tano ni chakula cha nyumba yake cha zaidi ya mwezi.

Lakini kilichonitoa usingizini ni kingine, na naomba mnisikilize vizuri hapa.

Sheria ile ile ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa mapema, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao: kwa nini apunguze, kuna njia gani ya kuepuka, anachaguaje wa kuondoka, lini, na malipo yakoje. Baba mdogo hakushauriwa na mtu. Alipewa barua Ijumaa jioni. Anayeona ameachishwa isivyo halali anatakiwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30. Zikipita, unaanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu maalumu, na hapo ni bahati yako.

Siku ya nne baada ya barua walikuja wawili wa darasa letu. Pole nyingi, Mungu atafungua mlango mwingine, baba usijali. Siku ya kumi wakarudi na folda. Alipowauliza kuhusu kwenda CMA wakamwambia: "Mambo ya kesi yanachosha baba, chukua chako usonge mbele."

Mnaiona hiyo? Ushauri ule haukuwa wa bahati mbaya. Mtu mwenye mgogoro CMA anashika hela yake mkononi, hasaini kitu kingine, anasubiri aone. Mtu aliyekubali yaishe ana hela leo na ana mkono mwepesi. Kwa hiyo kinachomfaa baba mdogo na kinachomfaa afisa vimegawanyika njia panda, na afisa akachagua njia ya kamisheni yake huku akiongea kwa sauti ya upole. Simuiti shetani. Pengine hata hajui kuwa kuna siku 30. Lakini mshauri asiyejua siku 30 anamshauri nini mtu aliyefukuzwa kazi?

Hoja yangu yote ndiyo hiyo. Anayelipwa pale tu unaposaini hawezi kukuambia usisaini. Hata awe mlokole, hata awe mtoto wa mchungaji, hata awe rafiki yangu wa damu.

Msije mkasema haya ni mambo ya nchi maskini ambako sheria zimelala. Kule Port Talbot, kusini mwa Wales, kuna mji uliokuwa ukiishi kwa kiwanda cha chuma cha Tata Steel. Mwaka 2017 mfuko wa pensheni wa wafanyakazi ulipangwa upya. Wakapewa muda mfupi wachague, na huku hawajui hata kiwanda chenyewe kitasimama au la. Washauri wa fedha wakaumiminikia ule mji, na mbele yao madalali wa kuwatafutia watu. Wafanyakazi karibu 8,000 wakahamisha pensheni zao kutoka kwenye mfuko uliokuwa unawahakikishia malipo ya uhakika, jumla ya pauni bilioni 2.8. Baadaye FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia mwenendo wa kampuni za fedha, ikapitia mafaili na kukuta asilimia 46 ya ushauri uliotolewa haukuwafaa waliopewa. Karibu nusu! Na wale walikuwa washauri wenye leseni, wana ofisi na vyeti ukutani. Kilichowapotosha ni kwamba wengi walilipwa pale tu mfanyakazi alipokubali kuhama. Oktoba 2020 FCA ikapiga marufuku mtindo huo wa malipo kwenye uhamishaji wa pensheni za aina ile, isipokuwa kwa watu wachache wenye hali maalumu. Wenzetu walijifunza baada ya wazee wa viwandani kuumia. Sisi tunasubiri nini?

Na Arusha yetu haina ugeni na mambo haya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, yenye makao makuu hapa hapa, ilikufa 1977, na wafanyakazi wake wa Tanzania wakaendelea kufukuzia mafao yao hadi miaka ya 2000, wazee wenye fimbo wanaandamana Dar es Salaam. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, fahari ya mji huu, kilisimamisha uzalishaji 2009. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 wa mwaka uliotangulia hadi 620,867. Kila mwenye ndugu dereva wa watalii, mpishi wa kambi au mhudumu wa hoteli anakumbuka mwaka ule watu walivyokuwa wanakaa vibarazani mchana. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na kufikia Julai USAID yenyewe ikawa imefungwa. Mji wa mashirika kama huu wetu uliisikia hiyo hadi jikoni.

Kila mara watu wanapobaki na hela kidogo na hofu nyingi, wanatokea wenye maneno matamu. Mnaikumbuka DECI? Wengi wetu tulikuwa wadogo sana, waulizeni wazazi. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" wasubiri "kuvuna", mpaka serikali ilipoingilia 2009 na vilio vikatanda. Na 2021 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani mwenye mradi wa Mr Kuku Farmers kwa kuendesha upatu, ule wa kuahidi faida ya kutisha kwenye kuku. Sisemi kampuni zinazotutumia ni upatu. Zipo zenye bidhaa halali kabisa. Nasema mlango unaoingiliwa ni ule ule: mfa maji haachi kutapatapa, na ukimpa kamba atashika kabla hajauliza imefungwa wapi.

Haya, tusikie utetezi. Nimebishana na watu usiku mzima pale hosteli, kwa hiyo hoja zao nazijua.

"Hawa watu wanahitaji ushauri wa fedha kuliko mtu yeyote." Nakubali asilimia mia. Ndiyo maana naumia wakipewa mauzo badala yake. Anayehitaji maji usimpe chumvi halafu useme vyote vinatoka baharini.

"Wasipowekeza watazila zote." Jamani, watazila! Wana watoto. Kula miezi sita huku unatafuta kazi bila kuuza kitanda, huo nao ni uwekezaji. Tena hata akinunua bodaboda mtumba, akishindwa anaiuza. Karatasi ya mwaka wa kwanza utamuuzia nani?

"Mtu mzima ana akili zake, hakulazimishwa." Kweli hakulazimishwa. Lakini kwa nini mkufunzi alisema twende wiki ile ile hela inapoingia? Kwa nini asiseme twende baada ya miezi mitatu? Kama mpango ni mzuri leo, mwezi wa nne utakuwa umeoza? Tunaijua sababu, aliitaja mwenyewe: mwenye hofu anaamua haraka. Ukipanga biashara yako kwa kufuata saa ya hofu ya mtu, usiniambie habari ya hiari.

"Na wewe una wivu." Haya. Tuendelee.

Sasa anayetaka kweli kuwa mshauri wa watu hawa, na kupata wateja kwa haki, njia ipo, ila ni ndefu. Naiandika hapa bure.

Kwanza, soma barua ya mtu na mkataba wake. Hesabu siku zake za CMA mbele yake, umwandikie tarehe ya mwisho kwenye karatasi abandike ukutani. Pili, piga hesabu ya anachodai: kiinua mgongo, notisi, likizo, cheti cha utumishi, na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa kama inamhusu. Wengi wanalipwa pungufu na hawajui. Tatu, msindikize NSSF au PSSSF ajue fao lake. Nne, uliza madeni. Kama ana mkopo wa kausha damu wa asilimia 20 kwa mwezi, kulipa huo ndio uwekezaji bora kuliko wote, maana hakuna mfuko duniani utakaomlipa asilimia 20 kwa mwezi. Lakini kwa kulipa deni wewe hupati kamisheni, ndiyo maana sentensi hiyo haikuwepo kwenye semina. Tano, hela ya kula ikae mahali inapotoka haraka: akaunti ya kawaida ya benki, au mfuko kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS ulioanzishwa 2013 kwa ajili ya hela zinazohitajika karibuni. Hati fungani za serikali za miaka 20 na 25 ni nzuri kwa mwenye hela ya ziada. Mwenye hela ya unga, hapana.

Sita, miezi mitatu asisaini kitu chochote kinachozidi mwaka. Saba, mwambie unalipwa na nani na shilingi ngapi akisaini, kabla hajashika kalamu. Nane, muonyeshe leseni. Anayeshauri watu kuhusu uwekezaji kwenye masoko ya mitaji anatakiwa awe na leseni ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa sheria ya 1994. Wakala wa bima anasajiliwa na TIRA. Folda na tai havisajiliwi popote.

Mtu uliyemfanyia hayo bila kumtoza, siku akipata kazi, akawa na mshahara, akataka kuweka akiba ya watoto, ataenda kwa nani? Atakuja kwako, na atakuja na shemeji zake wale wale tuliofundishwa kuwakwepa. Huyo ndiye mteja. Amekuja kwa miguu yake, tumbo limeshiba, na anauliza maswali.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wana elimu peke yetu.

Mmejiuliza kwa nini wanatutaka sisi kuliko wana biashara na wana uhasibu? Mkufunzi alilisema kwa utani, ila lilinichoma: "Ninyi watu wanawaamini, ninyi ni walimu." Hata hatujahitimu. Tumekwenda fildi mara moja tu, tumeshika chaki wiki nane, na tayari mama wa mtaani anaitika "abee mwalimu" tukimwita. Heshima ile hatukuitengeneza sisi. Wameitengeneza walimu waliotembea kilomita na madaftari kichwani, waliomlipia mtoto wa jirani mtihani, waliosoma barua za kijiji kizima na kunyamaza na siri zake. Ni akiba ya watu wengine, wameiweka kwa miaka, sisi tumekabidhiwa kadi. Na kitu cha kwanza tunachofanya ni kwenda kuitoa yote kwa 375,000.

Miaka mitatu ijayo mmoja wetu atapangiwa shule hapa hapa Arumeru. Mwanafunzi wake wa mstari wa mbele atakuwa mtoto wa mtu aliyesaini. Mtoto atarudishwa nyumbani kwa mchango. Mwalimu atatia tiki kwenye daftari la mahudhurio, hayupo. Sijui kama atakumbuka.

Jumatatu asubuhi mimi na mwenzangu mmoja anayesoma sheria tunapanda kifodi na baba mdogo kwenda CMA mjini. Leo ni siku ya 19, zimebaki 11. Hatujui kama ana kesi. Pengine ataambiwa kampuni ilifuata utaratibu, arudi nyumbani. Lakini atakuwa ameambiwa na mtu asiyelipwa kwa saini yake. Kama kuna mwingine mtaani kwako ana barua kama yake, mlete Jumamosi saa nne pale kibarazani kwetu, tutakaa na kikokotoo na kalenda. Hatuuzi kitu. Chai ipo, sukari mje nayo.

Na ninyi wawili mnajijua. Sitaji majina, tunakaa dawati moja. Fomu aliyoijaza baba mdogo, ambayo bado hajailipia, iko kwenye folda yenu ya bluu. Mrudishieni kabla ya Jumatatu. Mwambieni tu tutazungumza ukipata kazi, baba. Hamtapungukiwa heshima, mtaongezewa.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.